Dakika Tisa Zisizotazamwa

Kazini, kwenye ofisi ya ukaguzi wa filamu, walimwita Bwana Mkasi, na jina hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko viti vya chumba cha maonyesho. Alilipata enzi zile filamu zilipokuwa zikija kwenye mikanda mizito, na kipande kisichofaa kilikatwa kwelikweli, kikatupwa kwenye ndoo. Siku hizi hakuna anayekata kitu. Filamu huletwa ndani ya kidude kidogo kama kidole gumba, wakaguzi watatu huketi wakaitazama mwanzo hadi mwisho, kisha huipa umri: ya wote, miaka minane, kumi na miwili, kumi na sita au kumi na minane. Basi. Kazi ya kukata ilikwisha, jina likabaki, na mwenyewe hakulichukia.

Alikuwa mtu wa kuhesabu. Filamu ya mapigano ikiisha, wenzake wakiwa bado wanajinyoosha viuno, yeye alikuwa tayari na majibu: ngumi arobaini na tatu, visu viwili, damu mara sita, matusi kumi na moja, mawili kati yake ya nguoni. Watayarishaji walimwogopa, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba kaonewa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajaruka dakika hata moja ya filamu yoyote, zikiwemo zile ambazo hata waliozitengeneza wasingezitazama mara mbili. Chini ya kila fomu palikuwa na mstari usemao, "Nimeitazama filamu hii yote bila kukatiza," na hapo alitia saini yake kwa raha, kama mtu anayefunga kifungo cha mwisho cha shati.

Mtaani watoto waliorudishwa mlangoni mwa sinema walijua pa kupeleka lawama. "Huyo ndiye aliyetunyima ile ya majoka," walinong'onezana akipita. Yeye aliwapungia mkono, akaenda zake.

Nyumbani alikuwa na watu wawili. Mmoja ni dada yake mkubwa, mjane, mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyotulia. Wa pili ni bintiye wa pekee, mwenye miaka kumi, ambaye wote walimwita Kadogo ijapokuwa kwa kimo alikuwa keshamfikia shangazi yake masikioni. Mama yake Kadogo alifariki miaka miwili kabla, hospitalini, baada ya kuugua miezi mitano. Siku ile mtoto alipelekwa nyumbani kwa rafiki wa familia, akakaa huko wiki mbili. Aliporudi aliambiwa mama amepumzika. Baadaye akaambiwa mama yuko mahali pazuri. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka.

"Ana miaka minane tu," Mkasi alimwambia dada yake wakati ule. "Tutamwambia akikua kidogo."

Kadogo hakuuliza kitu, na watu wazima wakakuchukua kule kutouliza kwake kuwa ushahidi kwamba wamefanya vema. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Maneno yaliyocheleweshwa yana tabia ya kunenepa. Kila siku inayopita yanazidi kuwa makubwa kuliko mlango wa kinywa.

Jumatano moja asubuhi ikaja filamu ya saa moja na dakika ishirini, iitwayo Kitanda cha Dirishani. Aliyeileta alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, mwenye viatu bapa na sauti ya chini. Alikuwa nesi kwa miaka kumi na miwili kabla ya kujifunza kushika kamera, na ofisi nzima ikawa inamwita Nesi tangu siku hiyo. Kwenye fomu ya maombi aliandika kwamba anaomba daraja la miaka minane, kwa kuwa filamu imekusudiwa kuonyeshwa mashuleni na kwenye wodi za watoto.

Wakaguzi wa siku hiyo walikuwa watatu. Mkasi alikuwa kiongozi wa jopo. Kulia kwake aliketi Mwalimu, mama mstaafu aliyekuwa amefundisha darasa la tatu hadi mvi zikamjaa. Kushoto aliketi Wakili, mwanamume mtulivu aliyeijua sheria ya filamu kifungu kwa kifungu, na ambaye kwa kawaida alikwenda na upepo wa kiongozi wake. Nyuma yao, katika kijumba chenye dirisha la kioo, alikuwepo Mama Swichi, fundi mitambo, anayezima taa na kuanzisha filamu.

Taa zikazimwa. Kwenye pazia akatokea msichana mdogo anayekwenda kumtembelea mama yake hospitalini kila akitoka shule. Wanataniana. Wanahesabu ndege wanaotua ukingoni mwa dirisha. Mama anakonda, mtoto anajifanya haoni. Hakukuwa na ngumi, hakukuwa na tusi. Karatasi ya Mkasi ilibaki nyeupe kama ilivyotoka dukani, na kalamu ikawa inazungukazunguka vidoleni mwake bila kazi.

Ilipofika dakika ya hamsini na mbili, msichana aliingia kwenye varanda ndefu ya wodi, mkononi ana daftari la hesabu alilopatia kumi kwa kumi. Anakimbia kwenda kumwonyesha mama. Kutoka mbele yake ikasikika sauti ya magurudumu ya kitanda yakisukumwa sakafuni, gurudumu moja likilia.

Mkasi aliijua sauti ile. Si ile ya kwenye filamu. Aliijua ya kwake. Aliisikia miaka miwili nyuma, asubuhi mkewe alipotolewa wodini, akiwa ameegemea ukuta wa varanda kama hiyo, na tangu hapo alikuwa akipita mbali hata na vigari vya kubebea mizigo sokoni. Aliinuka. Akanong'ona, "Maji," akatoka.

Desturi ya ofisi ilikuwa kwamba mkaguzi akitoka, filamu inasimamishwa mpaka arudi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeianzisha desturi hiyo. Lakini siku hiyo hakuinua mkono kumwashiria Mama Swichi, na filamu ikaendelea bila yeye, wenzake wamezama humo wasijue amekaa nje muda gani. Nje alikunywa vikombe vitatu vya maji. Akasoma tangazo la kuwakumbusha wafanyakazi wasisahau miavuli yao, akalisoma tena, na mara ya tatu. Aliporudi, msichana wa kwenye filamu alikuwa uani, akinawa uso bombani. Dakika ya sitini na moja.

Taa zilipowashwa, Mwalimu alikuwa akijifuta macho bila aibu.

"Minane," alisema. "Kama si ya wote."

"Mimi nasema kumi na miwili," alisema Wakili.

"Kumi na sita," alisema Mkasi.

Mwalimu akageuka mzima mzima na kiti chake. "Kumi na sita! Kwa kosa gani?"

"Huzuni kali. Kifo cha mzazi, bila kificho."

"Lakini Bwana Mkasi, ile sehemu ya shuka..."

"Hasa ile," alisema Mkasi haraka, na hakujua shuka lipi linasemwa. "Hasa ile ndiyo inayonitisha."

Wakili alimtazama, akatazama saa, akasema kwamba kama kiongozi ana wasiwasi, basi heri kujikinga kuliko kujuta. Wawili kwa mmoja. Mkasi akaijaza fomu: umri, miaka kumi na sita, sababu, huzuni kali, dakika ya hamsini na mbili hadi sitini na moja. Alipofika kwenye ule mstari wa chini, kalamu ilisita kidogo. Kisha ikaandika.

Usiku huo hakula vizuri. Dada yake alimuuliza kama chakula kina kasoro, akasema hapana. Kadogo alimtazama baba yake, akamsogezea glasi ya maji.

Siku nane baadaye Nesi alikuja ofisini. Hakuja na kelele. Aliketi kwenye benchi la nje ya mlango wa Mkasi, akangoja, na alipoitwa ndani aliiweka ile barua ya matokeo juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

"Nimekuja kuuliza, si kugombana," alisema. "Hapa mmeandika dakika ya hamsini na mbili hadi sitini na moja. Naomba uniambie, umeona nini pale kilichokutisha? Ili nijue nilikosea wapi."

Kwa miaka kumi na tisa Mkasi aliwajibu watu wa namna hiyo bila kutazama karatasi: dakika fulani, kisu fulani, tusi fulani. Sasa alikuwa kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma.

"Kuna utaratibu wa rufaa," alisema hatimaye. "Fomu iko dirisha la pili."

"Nitaijaza." Nesi aliikunja barua yake polepole. "Bwana mkaguzi, niruhusu neno moja tu. Wodini nimewaona watoto waliofiwa, wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Hakuna aliyekuwa na miaka kumi na sita. Mmoja alikuwa na sita. Msiba hauulizi umri mlangoni. Sisi ndio tunaouliza, na sisi tumechelewa, umeshaingia ndani."

Akaaga kwa adabu, akaenda dirisha la pili.

Mkasi alibaki ameketi, mikono juu ya meza. Kilichomuuma si maneno yale tu. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameulizwa swali la kazi yake, swali rahisi kuliko yote, na hakuwa na jibu. Saa sita mchana, wenzake walipotoka kwenda kula, alipanda ngazi hadi kwenye kijumba cha Mama Swichi. Alimkuta akifuta vumbi kwenye lenzi kwa kitambaa laini, miwani imemshukia puani.

"Mama Swichi, naomba uniwekee ile filamu ya Nesi. Anzia dakika ya hamsini na mbili."

"Nilikuwa nakungoja," alisema Mama Swichi, wala hakuinua macho.

"Uliniona?"

"Dirisha langu linatazama visogo vyenu, ningekosaje kuona? Miaka yote hii hujatoka hata kwenda msalani. Siku ile nikasema moyoni, leo kuna jambo."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Nikuvue nguo mbele ya watu? Nilijua utakuja mwenyewe." Alivuta kiti cha pili. "Kaa hapa na mimi. Kule chini peke yako ni pakubwa mno."

Akaketi. Mama Swichi akabonyeza.

Varanda. Daftari. Gurudumu linalolia. Mkasi alishika kingo za kiti, lakini hakuinuka, na kitanda kikapita, kikaenda zake. Kilikuwa kitupu, kikipelekwa kwa fundi. Msichana akafika mlangoni mwa wodi. Kitanda cha mama yake, kile cha dirishani, hakina mtu, na nesi mmoja anakivua shuka. Nyuma ya pazia la kijani watu wazima wa familia wanashauriana. Hawaonekani, wanasikika tu.

"Asiambiwe."

"Bado mdogo."

"Mwambieni amehamishiwa hospitali nyingine."

Kamera haikwenda kwao. Ilikaa usoni mwa mtoto, ikakaa, ikakaa, naye alikuwa akisikia kila neno.

Kisha nesi wa kwenye filamu akatazama pazia, akamtazama mtoto. Akachukua shuka safi, akampa pembe moja. Wakalikung'uta pamoja, wakalitandika, huyu upande huu, huyu upande ule. Na huku wakitandika, nesi akamwambia mama yake amefariki asubuhi.

"Kufariki ndiyo kufanyaje?" aliuliza mtoto.

"Mwili umeacha kufanya kazi. Hapumui, wala haumwi tena. Na hatarudi."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Mtoto akachomeka shuka chini ya godoro, akalinyoosha kwa mkono. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo mno, "Ni kwa sababu jana nilimkasirikia?"

"Hapana," alisema nesi, na akakaa sakafuni ili macho yao yalingane. "Hasira ya mtoto haimuui mtu." Hapo ndipo msichana alipolia, na nesi akalia naye, wameketi sakafuni wote wawili, mpaka wakachoka. Kisha mtoto akaomba kwenda kunawa uso.

Dakika tisa. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na yowe. Ndizo zilizokuwa laini kuliko zote katika filamu nzima.

"Rudisha," alisema Mkasi.

Mama Swichi akarudisha. Mara ya pili Mkasi hakuitazama filamu sana. Alikuwa akisikiliza lile pazia. Asiambiwe. Bado mdogo. Sauti ile alikuwa anaijua pia, nayo haikuwa ya gurudumu. Ilikuwa yake.

Aliomba ruhusa, akaondoka kazini saa tisa, jambo ambalo mlinzi wa getini alilitolea macho. Nyumbani alimkuta dada yake akianua nguo kwenye kamba ya uani, na Kadogo mezani, akifunika madaftari ya muhula mpya kwa karatasi za kahawia, mkasi na gundi mbele yake. Mkasi alivuta kiti.

"Mwanangu, kuna jambo nilipaswa kukuambia zamani. Sikukuambia. Kosa ni langu."

Shangazi alisimama mlangoni na kapu la nguo kiunoni, asisonge mbele wala nyuma.

"Mama yako alifariki," alisema Mkasi. Neno lilitoka likikwaruza, kama mlango wa chumba kisichofunguliwa. "Siku ile tulipokupeleka kwa rafiki yetu. Alifariki alfajiri."

Kadogo alimalizia kukunja kona ya karatasi. Akaibana kwa kidole gundi ishike.

"Najua, baba."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Simu ilipolia niliamka. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Shangazi alisema, 'Amefariki?' halafu wewe ukasema, 'Mtoto asisikie.' Kwa hiyo nikarudi kitandani, nikajifunika."

Shangazi aliweka kapu chini.

"Miaka miwili," alisema Mkasi. "Mbona hukuniuliza, mama?" Alimwita hivyo tangu akiwa mchanga, kama baba wengi wawaitavyo binti zao.

"Nilikuwa nangoja." Kadogo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nilidhani wewe ndiye bado hujafika umri."

Shangazi alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko na haikuishia hapo. Akajifunika uso kwa foronya iliyokuwa begani. Mkasi naye alicheka, machozi yakimtoka bila kumwomba ruhusa, na Kadogo akatazama huku na huku kama mtu ambaye hakujua kwamba kasema neno la kuchekesha. Kisha akasukuma daftari pembeni.

"Baba, niulize kitu?"

"Uliza."

"Ni mafua yangu?"

"Mafua gani?"

"Ile wiki nilikuwa na mafua. Mliniambia nisimkaribie mama, nitamwambukiza. Lakini mlipotoka mimi niliingia chumbani kwake, nikalala naye kidogo. Halafu akazidiwa, mkampeleka hospitali."

Miaka miwili mtoto huyu alikuwa amebeba mzigo huo peke yake, akiamka nao, akienda nao shule, akisogezea watu glasi za maji, na yeye akijipongeza kwamba amemkinga. Mkasi alishuka kwenye kiti. Aliketi sakafuni, magoti yakilalamika, mpaka uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa mtoto.

"Hapana," alisema. "Nisikilize vizuri. Si mafua. Mama alikuwa na uvimbe, ndani huku, na ulianza kimyakimya kabla hata hujaanza shule. Daktari alitueleza mimi na shangazi yako. Mafua hayakufanya kitu. Hata kidogo."

"Kweli? Hunidanganyi kwa sababu mimi ni mdogo?"

"Sikudanganyi. Muulize shangazi."

"Hakudanganyi, mwanangu," alisema Shangazi kutoka nyuma ya foronya. "Na unajua mama yako aliniambia nini siku mbili kabla? Aliniambia, 'Yule mtukutu wangu aliniponyokea akaja kulala nami. Ndio usingizi mzuri niliopata wiki nzima.' Hivyo ndivyo alivyosema."

Kadogo alilia basi, kilio kirefu cha mtu aliyekuwa amekibana, na gundi ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

Asubuhi yake Mkasi alikwenda moja kwa moja kwa Katibu, mkuu wa ofisi, mwanamke mwenye haraka ambaye hata kikombe chake cha chai kilionekana kina miadi.

"Nimesema uongo kwenye fomu," alisema kabla hajakaribishwa kiti, na akaeleza yote.

Katibu alivua miwani. "Rufaa imeshaingia. Filamu itatazamwa upya hata hivyo. Tunaweza kuandika kwamba siku ile ulijisikia vibaya."

"Ni kweli nilijisikia vibaya. Lakini nilitia saini."

Katibu akavuta karatasi. Matokeo yakafutwa siku hiyo hiyo. Mkasi alipewa onyo la maandishi, akaondolewa kwenye uongozi wa majopo kwa miezi mitatu, na filamu ya Nesi akazuiwa kuigusa tena, jambo ambalo mwenyewe aliliomba. Habari haikai kwenye droo. Kufikia mchana ofisi nzima ilijua. Wakili akawa anampita kwa kukwepa macho. Mwalimu alimletea machungwa mawili, akayaweka mezani. "Hukujua hata shuka lenyewe," alisema, akatikisa kichwa, na akacheka hadi ikambidi ashike mlango.

Nesi aliitwa akaelezwa kwa nini filamu yake inaanza upya. Alipotoka kwa Katibu alibisha mlango wa Mkasi.

"Nimeambiwa," alisema.

"Nakuomba radhi. Nimekupotezea muda, na nimekuvunjia heshima ya kazi yako."

Nesi aliegemea fremu ya mlango. "Watu wengi hutoka pale. Mimi mwenyewe nilipokuwa naihariri nilitoka mara mbili, nikaenda kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa." Akamtazama. "Umeitazama sasa?"

"Mara mbili."

"Na wewe una mtoto?"

"Ninaye. Ana miaka kumi."

Nesi akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Jopo jipya liliamua kufanya kitu ambacho sheria iliruhusu lakini ofisi ilikuwa haijakifanya kwa miaka: watoto thelathini, kwa idhini ya wazazi wao na wazazi wakiwa pembeni, waliletwa chumba cha maonyesho Jumanne moja asubuhi. Mama Swichi ndiye aliyemsimulia Mkasi baadaye, maana dirisha lake halifichwi kitu. Watoto walitulia, wengine walilia kidogo, na taa zilipowashwa mikono ikapaa juu kama mimea baada ya mvua. Je, mtu akifa anasikia baridi? Yule msichana sasa atapikiwa na nani? Kwa nini wale wa nyuma ya pazia walikuwa waoga? "Watoto walikuwa na maswali," alisema Mama Swichi. "Waliohitaji vitambaa ni wazazi."

Uamuzi ukatoka: miaka minane, akiwa na mtu mzima. Nesi alinung'unika kuhusu yule mtu mzima. Alitaka mtoto aweze kuingia hata peke yake. Mwalimu, aliyeitwa kutoa maoni, akamjibu, "Mwache mtu mzima aingie, binti yangu. Huyo ndiye mgonjwa wetu." Nesi akacheka, akatia saini kwamba ameridhika.

Filamu ilipoanza kuonyeshwa kwenye sinema ya kawaida, Mkasi alinunua tiketi tatu kama raia yeyote. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mlangoni kijana wa tiketi alimuuliza Kadogo umri, akajibiwa kumi. Akauliza kama yuko na mtu mzima.

"Niko nao wawili," alisema Kadogo. "Mmoja analia sana, lakini nimembebea kitambaa."

"Nani huyo?" aliuliza Shangazi, amekunja uso.

Ndani, Mkasi aliketi bila karatasi wala kalamu, na mwanzoni mikono yake haikujua ikae wapi. Alijiandaa kwa ile varanda. Lakini Kadogo alivuka varanda, akavuka shuka, macho makavu, akitazama kwa makini kama anayejifunza. Alilia mahali ambapo Mkasi hakupatarajia kabisa: karibu na mwisho, msichana alipolifungua lile daftari la kumi kwa kumi akiwa peke yake, akalifunga tena. Baba yake akamkumbatia kwa mkono mmoja. Shangazi alikuwa ameshamaliza kitambaa chake na alikuwa akikitafuta cha jirani.

Walipotoka nje jua lilikuwa kali, na ikawachukua muda kuyazoesha macho. Kadogo alisimama kwenye ngazi.

"Amezikwa wapi mama?"

Mkasi na dada yake walitazamana. "Si mbali," alisema Mkasi. "Nusu saa kwa miguu."

"Twende."

"Leo? Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Wakaenda. Mtaa wa maduka, kisha barabara ya miti, kisha ukuta mrefu mweupe wa makaburini. Mkasi alikuwa akitafuta maneno ya kumwandaa mtoto, akiyapanga na kuyapangua, na kabla hajapata hata moja, Kadogo aliuliza kitu kingine kabisa.

"Baba, mama alikuwa anaogopa nini?"

"Kuogopa? Mijusi."

"Mijusi hii midogo?"

"Hii hii. Mara moja nilirudi kazini nikamkuta amesimama juu ya meza ya jikoni, ameshika ufagio. Alikuwa huko tangu saa nane. Na mjusi mwenyewe keshajiendea zamani."

"Si meza," alidakia Shangazi. "Ilikuwa kabati. Na hakuwa na ufagio, alikuwa na mwiko."

"Dada, mimi ndiye niliyemteremsha!"

"Ulimteremsha ukiwa na kicheko machoni, ungeona nini? Mimi aliniita kwa simu, nikawa namsikia anapiga mwiko ukutani. Kabati."

"Kwa hiyo ilikuwaje?" aliuliza Kadogo, amejipenyeza katikati yao, mkono mmoja kwa huyu na mwingine kwa yule. "Anzeni mwanzo. Baba kwanza, halafu Shangazi. Na mjusi alikuwa wapi?"

Mkasi akaanza mwanzo. Shangazi hakungoja zamu yake. Waliingia getini mwa makaburi wakibishana, mtoto akiuliza, sauti zao zikisikika hadi kwa mtunza makaburi, ambaye aliinua kichwa kwenye maua aliyokuwa akiyamwagilia, akawaonyesha njia kwa mkono.